Keria ya Watu Wawili

Walinzi wa hospitali walishazoea vituko vya Stuli, lakini mchana ule hata wao waliacha kibanda chao wakasogea kutazama. Muuguzi wa wodi ya mifupa, na sare yake nyeupe na raba zake, alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya maegesho, kifua kimelala juu ya paa la gari lake mwenyewe, anapima kwa futi ya kamba. Alipima upana, akapima urefu, akashuka, akahamisha ndoo, akapanda akapima upya, maana vipimo vya kwanza alikuwa ameshavisahau kwa furaha. Mlinzi mmoja akamuuliza kama anataka kulishonea gari gauni. Stuli akajibu kwamba gauni linalo, analitafutia kofia.

Stuli si jina alilopewa na wazazi wake. Wodi ndiyo iliyombatiza, kwa ajili ya kimo chake. Kila akitaka kutundika chupa ya dripu lazima kwanza avute stuli, na wagonjwa husikia stuli ikikwaruza sakafu kabla hawajamwona mwenyewe. Mtu mwingine angenuna. Yeye jina alilipenda, akawa anaitika hata akiitwa na daktari mkuu.

Na kofia yenyewe ni hii. Stuli na mumewe walikuwa na kayaki mbili, vile vimashua vyembamba vya plastiki ambavyo mtu hukaa peke yake akapiga kafi huku na huku. Nyekundu ya mume, ya njano ya mke. Kila walipopata Jumapili ambayo wote hawana zamu, walizipakia juu ya gari wakaenda ziwani, wakarudi jioni pua zimeungua, mikono imekufa ganzi, wanachekana njia nzima. Wapo wanandoa wanaopenda kutembelea watu, wapo wanaotazama mpira. Hawa mapenzi yao yalikuwa majini. Watoto walishakua wakaenda zao, nyumba imebaki kimya, na jamani nyumba ikikaa kimya sana mtu na mumewe wanaweza kupitisha wiki nzima wanaulizana habari za chumvi na gesi tu. Ziwani ndiko walikoongea.

Kupakia ilikuwa kazi ya mume. Yeye ni fundi umeme, mrefu, mikono kama ya kuazima, na zamani alikuwa akiibeba kayaki begani mwake na kuitua juu ya gari huku anapiga mluzi. Halafu siku moja ngazi ikateleza kwenye korido ya ofisi ya watu, akaangukia bega. Akapasuliwa, akashonwa, akapona. Lakini ule mkono ukakata kauli kwamba hautapita usawa wa kifua. Daktari akasema kupiga kafi ruksa, tena kutamsaidia, maana kafi linapigwa chini. Kuinua kitu juu ya kichwa, hilo asahau.

Na gari nalo, eti lisipitwe. Lile la zamani, lenye keria yake ya vyuma ya kubebea mizigo juu ya paa, iliyoshika kutu, lilikufa kifo cha kawaida, wakapata jingine, refu zaidi kwenda juu, paa laini kama yai, hakuna hata pa kufungia uzi. Kayaki zikabaki zinaning'inia ukutani kwenye banda la nyuma, vumbi linazila.

Mume akaanza kuzungumza habari za kumpa mdogo wake. Mdogo mtu ana pikapu, ana mabega mawili mazima, na kayaki alikuwa anazitamani toka zamani. Stuli hakutaka kusikia. Alisema wataomba majirani wawasaidie kupakia, watu wako tele mtaani. Hapo ndipo mumewe alipoweka kikombe chini.

"Mama, nisikilize," alisema. "Nikiwa nasubiri mtu anipakizie ndipo nikatembee, hayo si matembezi tena, ni mimi napelekwa. Tukiweza kuzipandisha zote mbili, wewe na mimi, bila mtu wa tatu, tunabaki nazo. Tukishindwa, Jumapili mdogo wangu anakuja kuchukua. Na tusiongee tena."

Mtu mwingine angeona mlango umefungwa. Stuli aliona mlango umeachwa wazi. Wewe na mimi, kasema! Alikwenda kulala anatabasamu gizani, na asubuhi aliamka na wazo moja tu kichwani, keria, na ndiyo maana mchana ule mkamkuta juu ya ndoo.

Duka la vifaa vya magari lilikuwa mkabala na kituo cha mafuta, limejaa harufu ya mipira mipya. Stuli aliingia na vipimo vyake mkononi na macho yanamng'aa, na muuzaji, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, akamshangaa kwa sababu wateja wake wengi huja na nyuso za watu walioibiwa taa. Akamweleza kwanza vile vyuma viwili vya kukingama juu ya paa, ambavyo kwa gari lisilo na pa kushikia hubanwa kwa vibano ndani ya fremu ya mlango. Stuli akavipenda hapo hapo. Akavipapasa, akavigonga kwa kucha, akataka kujua vikibanwa mvua haitaingia ndani, mlango utafunga, rangi haitachubuka. Muuzaji akaanza kumweleza ni kilo ngapi vinabeba. Stuli akamwambia kilo aziache, yeye hubeba watu.

Kisha vikaja vya kuweka juu ya vile vyuma, na hapo ndipo raha ilipozidi. Kulikuwa na sponji tupu, ya kufunga kwa mikanda inayopita ndani ya gari, ambayo Stuli aliiona kama mto wa mgonjwa akaipita. Kulikuwa na mtambo unaoshuka wenyewe ubavuni mwa gari mpaka kiunoni, unapakia, unaupandisha kwa kidole; mtambo ule muuzaji aliutaja bei kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, na Stuli akasema asante, tuendelee. Kulikuwa na vitanda bapa vilivyokaa kama viganja vinne, mbele vina mpira na nyuma vina kitambaa kama cha zulia. Muuzaji alivipitia haraka, akasema hivyo hununuliwa na wazee. Na kulikuwa na mikono iliyopinda mfano wa ndoano, myeusi, mizito, inayoshika kayaki ikiwa imelala ubavu, mbili mbili bila kugusana.

Kwa ile mikono Stuli alichanganyikiwa kabisa. Ilikuwa na sura ya kazi. Alimwita dereva wa ambulensi, rafiki yake wa miaka, aliyekuwa amemsindikiza na kubaki nje anakula karanga, wakaifunga juu ya gari palepale, wakaazima bomba refu la plastiki lililokuwa limeegemezwa ukutani wakalifanya kayaki. Dereva akashika huku, Stuli juu ya ndoo akashika kule, hee, likapanda na kutua kwenye ndoano bila hata jasho. Wakalishusha wakalipandisha tena. Stuli akapiga makofi. Muuzaji naye akapiga makofi, japo sidhani kama alijua kwa nini.

Mmeshaona kosa lilipo. Dereva wa ambulensi akisimama anashika taa ya dari. Stuli alikuwa amepima paa, amepima milango, amepima kayaki zote mbili mpaka na makafi yake. Kitu pekee ambacho hakukipima ni bega la mumewe.

Ijumaa jioni wakajaribu uani. Mume alizunguka gari, akaigusa ile mikono, akasema ni kazi safi, na Stuli akaona uso wake umefunguka kidogo, akazidi kupandwa na matumaini. Wakaitoa ya njano bandani. Wakaishika, yeye mbele juu ya stuli ya jikoni, mume nyuma. Kuifikisha usawa wa kiuno haikuwa shida. Usawa wa kifua, haya. Lakini zile ndoano zilitaka kayaki ipande juu zaidi, ipite ncha zake ndipo ishuke ndani, na mume akajikaza kisabuni, akainua, na Stuli akaona kwa macho yake jinsi uso ulivyobadilika rangi. Mkono ulikataa tu. Kayaki ikamponyoka, ikashuka na mlango wa gari ikiukwaruza kuanzia kioo mpaka chini.

"Basi, mama," mume alisema, akiwa ameshika bega. "Tumejaribu."

Akaingia ndani, na kupitia dirishani Stuli akamsikia anaongea na mdogo wake kwenye simu, anamwambia Jumapili aje asubuhi, aje na kamba. Stuli alibaki uani na ile kayaki ya njano miguuni. Sitaficha, alilia. Alilia kwa hasira, maana alijiona mpumbavu aliyemvalisha mumewe aibu kwa mikono yake mwenyewe, na halafu akaipangusa kayaki kwa kanga yake, akairudisha bandani peke yake kwa kuiburuta.

Jumamosi alikwenda zamu amevimba macho. Wodini hawakumsikia akiimba wakajua kuna jambo, wakamwacha. Karibu na saa nne wakaletewa mzee mmoja mnene, mcheshi, aliyetoka kupasuliwa nyonga, amelala kwenye machela, na ilibidi ahamishiwe kitandani. Kazi hiyo Stuli ameifanya mara nyingi hata hawezi kuhesabu. Machela inasogezwa ubavuni mwa kitanda, unawekwa ubao laini katikati, shuka aliyolalia mgonjwa inakunjwa pembeni, anavutwa. Hanyanyuliwi. Anateleza. Wauguzi wawili wadogo wanahamisha jitu zima na mgongo wa mtu haulalamiki.

Mzee alikuwa amefika nusu, kiuno kiko juu ya ubao, miguu bado machelani, Stuli aliposimama ghafla na shuka mkononi. Akakodoa macho. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, mpaka mwenzake wa upande wa pili akashtuka.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, "nimefunikwa vizuri lakini?"

Stuli akamhakikishia kwamba amefunikwa, tena vizuri sana, na kwamba yeye mzee ni mtu wa maana kuliko anavyojijua. Wakamalizia kumvuta. Akamfunika, akamwekea mto, akamshukuru, mzee asielewe anashukuriwa nini. Mwili mzima ulikuwa unamwasha kwa furaha. Tangu lini mtu akanyanyua? Miaka yote hii anawakemea wanafunzi wasinyanyue mgonjwa, halafu yeye huyohuyo kwenda kununua keria ya kunyanyulia! Zamu ilipoisha hakubadilisha hata sare.

Muuzaji alipomwona anaingia mbio na ile mikono ya ndoano kwapani, alidhani kuna ajali. Stuli akamwambia anataka vile viganja vinne vinne, vya wazee, seti moja kwa kila kayaki. Muuzaji akajaribu kumrudisha kwenye vitu vya maana, akamweleza kwamba kwa vile viganja kayaki hulala bapa na mbili hazitaenea juu ya paa lile. Stuli akamuuliza kama hakuna vyuma vya kukingama virefu zaidi kidogo. Vilikuwepo. Wakapima pamoja, upana wa kayaki na kayaki, ikabaki nafasi ya kupitisha ngumi katikati. Akamwambia chuma cha nyuma akibane nyuma kabisa, mwisho wa paa, mpaka muuzaji mwenyewe aseme hapo tena hapana. Kisha akapitisha kiganja chake juu ya kile kitambaa cha zulia, mbele, nyuma, akakiona kinateleza kama shuka ya wodini, na roho yake ikatulia na kuruka kwa wakati mmoja, kama mnaweza kuelewa jambo hilo.

Nyumbani hakusema kitu. Mumewe aliiona keria mpya, akaona vile ilivyokaa chini chini juu ya paa, akapita zake ndani. Alikuwa ameshamwambia mdogo wake aje, na yeye ni mtu wa neno lake.

Jumapili asubuhi pikapu ikafika mapema. Shemeji mtu akashuka na kamba zake begani, amevaa vizuri kama anayekwenda kuposa, lakini macho hayatulii. Alikuwa anazitaka zile kayaki, na alikuwa anaona haya kuzichukua, yote mawili yanagombana usoni mwake. Stuli akamsalimia, akamwambia karibu, simama hapo getini, usiguse kitu.

"Shemeji, nisaidie hata kushika tu?"

"Hata kushika. Ukisogea hatua moja tumeshindwa."

Akamwita mumewe. Mume akatoka na chai yake mkononi, akasema kwa sauti ya uchovu kwamba hana bega la kuvunja mara ya pili. Stuli akamjibu kwamba leo bega halihitajiki, anahitaji tumbo lake na miguu yake, na kama hivyo navyo vimepasuliwa aseme. Jirani wa upande wa pili, aliyekuwa anajifanya anamwagilia maua, akacheka. Mume akatua kikombe.

Kayaki nyekundu ilikuwa imelala juu ya blanketi kuukuu, nyuma ya gari, pua ikielekea gari. Stuli akapanda stuli ya jikoni, akainua pua peke yake; pua tupu, ule mwingine wote ukibaki chini, si mzigo wa kutisha. Akailaza juu ya vile viganja vya nyuma vyenye zulia. Ikawa imeegemea gari kama ngazi iliyoegemea ukuta. Kisha akamwambia mumewe ashike mkia, auinue usawa wa kiuno, asipandishe zaidi hata akitamani, na asukume kama anavyosukuma gari lililozimika.

Mume akauinua mkia. Akatazama mikono yake pale ilipo, chini ya kifua, haina malalamiko. Akasukuma. Kayaki ikateleza juu ya zulia, taratibu kwanza, ikilia sauti ndogo ya kitambaa, halafu ikakolea. Robo. Karibu nusu. Stuli alikuwa amekwenda ubavuni na stuli yake anaielekeza pua. Na nusu ilipopita kile chuma cha nyuma, basi, mbele kukawa kuzito kuliko nyuma, kayaki ikainama yenyewe. Pua ikashuka pole pole ikatua kwenye viganja vya mbele, na mkia ukapanda wenyewe ukatoka mikononi mwa mume, ukaenda juu kule ambako mkono wake haufiki.

Mume alibaki ameshika hewa. Akaitazama mikono yake, akaitazama kayaki yake juu ya gari. Jirani naye maji yalikuwa yanamwagikia viatu.

"Ya pili," mume akasema.

Na sauti hiyo, jamani, Stuli alikuwa hajaisikia tangu ngazi iteleze. Ilikuwa sauti ya fundi anayeamrisha mafundi. Ya njano hakungoja kuelekezwa. Yeye ndiye aliyepanga blanketi, yeye ndiye aliyesema inua, yeye ndiye aliyesema ngoja, imepinda, haya sasa, na Stuli akawa anatii huku anacheka na machozi yanamshuka, hajui ayapanguse kwa mkono gani. Ikapanda. Ikainama. Ikatua kando ya mwenzake, na nafasi ya ngumi katikati.

Wakafunga mikanda, mume akiipinda kila mmoja mara moja ili usipige kelele kwa upepo njiani, wakafunga na kamba ya mbele na ya nyuma. Mume akaitikisa keria kwa mkono mzima. Gari zima likatikisika, kayaki zisicheze. Hapo ndipo alipogeuka akamwona mdogo wake bado amesimama palepale getini, kama alivyoambiwa, na kamba zake begani na tabasamu lisilojua liende wapi.

Stuli akamwonea huruma. Alikuwa anatafuta la kumwambia, neno la pole lisilomuumiza, mumewe akamtangulia.

"Weka hizo kamba ndani, funga pikapu yako," alimwambia mdogo wake. "Panda kiti cha nyuma, twende. Tukifika utatusaidia kushusha, mimi bega langu bovu."

Lilitoka mdomoni mwake hivyohivyo, jepesi, mbele ya jirani na mbele ya kila mtu. Stuli alisimama na stuli ya jikoni mkononi. Wiki nzima amepima, amepanda ndoo, amelia, amebadilisha keria, kwa ajili ya kutomwita mtu wa tatu.

"Na masharti yako?" akamuuliza.

"Masharti yalikuwa ya kupandisha," mumewe akasema, akimfungulia mlango uliokwaruzwa. "Kushusha hatukuzungumza. Ingia, mama, jua linapanda."